Ploti moja, wenyewe wawili: Hitilafu ya tarakilishi ambayo mnunuzi wa ardhi Kitengela anaielewa vyema

Na MWANDISHI WETU

YEYOTE aliyewahi kununua ploti Kitengela anaijua hofu hii. Umelipa pesa zako, umekabidhiwa hati, umezungusha ua wa nyaya na kuanza kuchimba msingi. Asubuhi moja anatokea mtu mwingine, naye ana hati mkononi. Nambari ya kipande ni ile ile, mhuri ni ule ule, na yeye pia alilipa. Hakuna kati yenu anayejiona mwizi. Kosa lilitendeka mapema, ndani ya faili, kabla nyinyi wawili hamjafika hapo.

Msomaji asishangae akiambiwa kwamba mkasa kama huo hutokea pia ndani ya simu aliyo nayo mkononi, tena bila broka, bila wakili na bila mtu yeyote kukusudia uovu. Wataalamu wa tarakilishi huuita kuachilia mara mbili. Programu inarejesha kipande kimoja cha kumbukumbu mara mbili badala ya mara moja, na matokeo yake ni kwamba kipande hicho kinagawiwa wenyewe wawili.

Mnamo 2019 hitilafu ya aina hiyo ilifichuliwa katika WhatsApp, programu ambayo wakazi wa Kitengela, Isinya na Kajiado huitumia kila siku kutafuta wateja, kuchangia matanga na kutumiana picha za ploti hizo hizo zinazouzwa. Makala haya yanaeleza hitilafu hiyo huzaliwa vipi, na wanaoandika programu huizuia kwa njia gani.

Nambari si ardhi

Tuanze na ardhi, maadamu ndiyo tunayoifahamu. Ukichungulia hati za eneo hilo utakuta maandishi kama vile Kajiado/Kitengela au Kajiado/Kaputiei-North, kisha nambari. Ranchi za jamii zilizosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1968 ziligawanywa kwa wanachama, wanachama nao wakakata vipande na kuuza, na kila mgawanyo ukazaa nambari mpya.

Nambari hiyo si ardhi. Ni kitu cha kutuelekeza tu ardhi ilipo. Ndiyo maana utaratibu unataka kwamba kipande kikubwa kinapokatwa, hati mama irejeshwe na kufungwa katika sajili, ndipo hati mpya zitolewe. Hati mama ikiachwa wazi, aliye nayo anaweza kuuza tena ardhi ambayo si yake.

Kumbukumbu ya tarakilishi hupangwa vivyo hivyo. Ni safu ndefu ya vyumba vidogo vidogo, kila kimoja na anwani yake. Programu inapohitaji nafasi, tuseme ya kuweka picha, huiomba kutoka kwa sehemu ya mfumo inayosimamia kumbukumbu, ambayo hapa tutaiita msajili. Msajili hutafuta kipande kilicho wazi, hukiandika kuwa kimechukuliwa, kisha huipa programu anwani yake. Anwani hiyo iliyohifadhiwa ndiyo huitwa kielekezi. Kazi inapokwisha, programu hukirejesha kipande, naye msajili hukiingiza katika orodha ya vipande vilivyo wazi ili apewe mwombaji mwingine.

Katika lugha nyingi za kisasa za kuandikia programu, kama vile Java na Python, kazi ya kurejesha hufanywa na mfumo wenyewe. Lakini kuna maktaba za programu zilizo chini kabisa, ambazo mtumiaji hazioni. Hizi ndizo zinazofungua picha, kubana mafaili na kulinda mawasiliano yasisomwe na wengine. Nyingi zimeandikwa kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mapema miaka ya sabini.

Katika lugha ya C, aliyeomba kumbukumbu ndiye anayetakiwa kukumbuka kuirejesha. Asipoirejesha, nafasi hupungua polepole hadi simu ikaanza kukwama. Hilo ni kero. Akiirejesha mara mbili, hilo ni hatari.

Orodha inapodanganywa

Hebu tufuate jambo lenyewe hatua kwa hatua. Tuseme programu imemaliza kutumia kipande nambari 40 na kukirejesha. Msajili anaandika 40 katika orodha ya vipande vilivyo wazi. Baada ya muda mfupi, sehemu nyingine ya programu ile ile, isiyojua kwamba kazi ilikwisha kufanywa, inarejesha nambari 40 tena. Msajili asiyekagua anaandika 40 mara ya pili.

Sasa orodha inaonyesha vipande viwili vilivyo wazi, ilhali kipo kimoja tu. Mwombaji wa kwanza anapewa 40. Mwombaji wa pili naye anapewa 40. Kila mmoja anaamini yuko kwake. Wa kwanza anaweka rangi za picha. Wa pili anaweka anwani inayoiambia programu iende wapi kutekeleza hatua inayofuata. Yule wa kwanza akiandika tena, rangi za picha zinafuta anwani ya jirani yake.

Huko Kajiado mgogoro wa namna hiyo unaweza kufikishwa mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na jaji akasikiliza pande zote mbili. Ndani ya kumbukumbu hakuna mahakama. Aliyeandika mwisho ndiye mshindi.

Matokeo huwa ya aina tatu. La kwanza ni programu kujifunga ghafla, na hilo ndilo afadhali, kwa kuwa angalau kila mtu anaona kuna tatizo. La pili ni data kuharibika kimyakimya: hesabu ikabadilika, au jina likaingia pasipo pake. La tatu ni mdukuzi kuyapanga mambo makusudi ili yeye ndiye awe mmiliki wa pili. Akifaulu, maandishi aliyoyaficha ndani ya picha yanageuka kuwa maagizo ambayo simu inayatii.

Mkasa wa zlib

Mfano uliotikisa ulimwengu wa tarakilishi ulitokea Machi 2002. Maktaba iitwayo zlib, iliyoandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler, hubana data na kuifungua tena. Ilitolewa kwa umma mwaka 1995 bila malipo, na kwa sababu ilikuwa nzuri, kila mtu aliichukua. Ilikuwa ndani ya mfumo wa Linux, ndani ya programu za kuperuzi wavuti, na ndani ya karibu kila programu iliyofungua picha za aina ya PNG.

Mtaalamu Matthias Clasen alikuwa akijaribu maktaba nyingine ya picha, akatengeneza kwa makusudi picha ya PNG iliyoharibika ili aone itakuwaje. Programu ilianguka. Chanzo kilipofuatiliwa, kikaonekana kuwa zlib yenyewe. Wakati wa baadhi ya makosa, ilikuwa ikirejesha kipande kile kile cha kumbukumbu zaidi ya mara moja.

Toleo lililorekebishwa, 1.1.4, lilitolewa Machi 11, 2002, na siku iliyofuata kituo cha CERT cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kikatoa tahadhari kwa ulimwengu mzima.

Kurekebisha zlib kulikuwa kazi ndogo. Kilichosumbua ni kwamba programu nyingi hazikuwa zikiitumia zlib kutoka mahali pamoja. Zilikuwa zimenakili msimbo wake na kuuchanganya na wao. Kila nakala ikalazimika kutafutwa na kurekebishwa peke yake, mithili ya mtu anayezunguka kijiji kizima akikusanya nakala za hati iliyofutwa.

Picha katika WhatsApp

Miaka 17 baadaye mkasa ukajirudia, mara hii ndani ya simu. Oktoba 2019 mtafiti anayejiita Awakened alieleza hadharani jinsi picha moja ya aina ya GIF, yaani picha inayotembea, ingeweza kumpa mdukuzi udhibiti ndani ya WhatsApp katika simu za Android. Dosari haikuwa katika msimbo wa WhatsApp wenyewe, bali katika maktaba huria ya kufungulia picha za GIF ambayo programu hiyo ilikuwa ikiitumia.

Picha ya GIF huundwa kwa fremu nyingi zinazofuatana. Maktaba hiyo ilipokutana na fremu ya ukubwa tofauti, iliomba nafasi yake ibadilishwe ukubwa. Sasa, je, fremu ikitangaza kwamba upana au urefu wake ni sifuri? Kuomba nafasi ya ukubwa wa sifuri kulikuwa sawa na kuirejesha nafasi iliyokuwapo. Na fremu mbili za sifuri zikifuatana, nafasi ile ile ilirejeshwa mara mbili.

Mwandishi wa msimbo hakuandika popote neno la kurejesha mara mbili. Aliandika kubadilisha ukubwa. Kurejesha kulijificha ndani ya ombi lililoonekana halina madhara.

Yaliyofuata ni yale ya ploti ya Kitengela. Kipande hicho kikagawiwa kwanza kwa kumbukumbu za picha yenyewe, ambamo mna anwani ya hatua ya kutekelezwa. Kisha kipande hicho hicho kikagawiwa kwa rangi za picha. Rangi alizozichagua mdukuzi zikaandikwa juu ya anwani. Mwenye simu hakuhitaji kufanya jambo la ajabu: pindi picha ilipokuwa imeingia katika simu, ilitosha kufungua ghala la picha ndani ya WhatsApp ili amtumie rafiki yake picha nyingine kabisa.

WhatsApp iliziba mwanya huo katika toleo 2.19.244, na kampuni ikasema haikuwa na sababu ya kuamini kwamba kuna mtumiaji aliyekuwa amedhuriwa.

Kosa la wenye bidii

Mtu anaweza kudhani hitilafu hii ni zao la uvivu. Sivyo. Mvivu husahau kurejesha. Anayerejesha mara mbili ni mwenye bidii, au tuseme ni wenye bidii wawili wasioambiana.

Mwandishi wa makala haya amelishuhudia jambo hilo katika chumba cha habari. Zamani taarifa ikizidi nafasi iliyotengewa, ilikatwa kuanzia mwisho. Usiku mmoja wahariri wawili walipewa agizo moja kuhusu taarifa moja ya mahakamani: ondoa aya ya mwisho. Wa kwanza akaiondoa. Wa pili, asijue, akaondoa iliyokuwa ya mwisho wakati huo, nayo ndiyo iliyosema kwamba mshtakiwa aliachiliwa huru. Gazeti likachapishwa na mtu asiye na hatia akiwa bado kizimbani. Kesho yake tuliomba radhi.

Hakuna mhariri aliyekosea agizo. Agizo lenyewe ndilo lililokuwa baya, kwa sababu likitekelezwa mara mbili huleta matokeo tofauti na likitekelezwa mara moja. Laiti tungeambiwa, "hakikisha taarifa haizidi maneno 400," mhariri wa pili angehesabu, angekuta kazi imekwisha, na angeiacha. Agizo la namna hiyo hata likitekelezwa mara kumi halileti madhara. Wataalamu wa programu hulitafuta agizo la aina hiyo kila wanapoandika sehemu ya kufanya usafi.

Hali ni ngumu zaidi panapotokea makosa. Njia ya kawaida ya programu hujaribiwa kila siku na huwa safi. Lakini kukitokea kosa katikati, faili likawa limeharibika au mtandao ukakatika, msimbo hulazimika kurudi nyuma na kusafisha kila ulichokigusa. Sehemu ya ndani husafisha kabla ya kuondoka. Sehemu ya nje, ikiona kuna kosa, nayo husafisha. Aidha, njia hizo za makosa hazijaribiwi mara nyingi, hivyo dosari inaweza kulala humo miaka mingi. Katika zlib na katika maktaba ya GIF, faili lenye kasoro ndilo lililoufungua mlango.

Kinga zenyewe

Kinga ya kwanza ni ndogo, nayo inafaa kuwa desturi. Ukisharejesha kipande, futa papo hapo anwani uliyokuwa umeishika. Kanuni za lugha ya C zinasema kwamba kurejesha kielekezi kitupu si kosa, hakuna kinachotendeka. Basi kielekezi kikifutwa, usafi wa pili hauna cha kugusa. Hivi ndivyo kufunga hati mama kunavyofanya kazi.

Lakini kinga hiyo ina mpaka. Ikiwa anwani ilikuwa imenakiliwa kwingine, kufuta nakala moja hakufuti zile nyingine, sawa na mtu anayechana hati moja huku nakala zake zikiwa katika mikoba ya mabroka watatu. Kwa hivyo kinga ya pili ni kuamua tangu mwanzo ni nani mwenye mali. Kila kipande kiwe na mmiliki mmoja, huyo peke yake ndiye mwenye haki ya kukirejesha, na wengine wote wawe wapangaji. Maktaba iliyoandikwa vizuri hulieleza jambo hili waziwazi kwa wanaoitumia, bila kuwaacha wakisie.

Iwapo haiwezekani kuwa na mmiliki mmoja, hutumika kinga ya tatu, ambayo ni kuhesabu. Kila anayeanza kutumia kipande huongeza moja katika hesabu, na kila anayemaliza hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri ndipo kipande kinaporejeshwa, na ni yule wa mwisho kutoka anayezima taa.

Kinga ya nne ni alama. Sehemu ya kufanya usafi huanza kwa kuuliza kama usafi umeshafanywa. Ikiwa umefanywa, hurudi bila kugusa kitu. Hata hivyo, pana mtego hapa. Programu za siku hizi hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, kama ofisi yenye madirisha mawili. Karani wa dirisha la kwanza anaweza kutazama alama na kuona usafi haujafanywa, na kabla hajaiweka alama, karani wa dirisha la pili naye akatazama na kuona vivyo hivyo. Wote wawili wanasafisha. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba kutazama na kuweka alama ni tendo moja lisilokatika, au kuweka kufuli ili mmoja aingie na mwingine angoje.

Kinga ya tano iko kwa msajili mwenyewe. Maktaba ya glibc, inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, ilipata mwaka 2017 njia ya haraka ya kugawa vipande vidogo. Kasi iliongezeka, lakini ukaguzi wa kurejesha mara mbili katika njia hiyo ukawa umeachwa nje. Mnamo 2019, katika toleo 2.29, iliongezwa alama ndani ya kila kipande kilichorejeshwa, na kikiletwa tena, programu husimamishwa mara moja. Si tiba, lakini ni afadhali programu ife kuliko ploti iuzwe mara mbili.

Kinga ya sita ni kubadilisha lugha yenyewe. Rust, iliyoanzishwa na Graydon Hoare na kulelewa na shirika la Mozilla, ilitoa toleo lake la kwanza thabiti Mei 2015. Katika lugha hiyo kila kitu kina mmiliki mmoja. Ukimpa mwingine, jina lako hufutwa hapo hapo, na ukijaribu kukitumia au kukirejesha, msimbo wako unakataliwa kabla haujawa programu. Kosa huonekana mezani mwa mwandishi badala ya kuonekana katika simu ya mteja. Ingawa zipo sehemu ambapo mwandishi anaweza kuomba ruhusa ya kuikwepa sheria hiyo, sehemu hizo hulazimika kutiwa alama, na mkaguzi hujua pa kuangalia.

Uzito wa jambo hili si wa nadharia. Mnamo 2019 kampuni ya Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya dosari za usalama ilizokuwa ikiziziba kila mwaka zilitokana na matumizi mabaya ya kumbukumbu, na kuachilia mara mbili ni mojawapo ya makosa ya aina hiyo.

Funzo kwa wenye simu na wenye kalamu

Kwa mtumiaji wa kawaida, funzo ni fupi. Simu inapokuambia kwamba kuna toleo jipya la programu, usilipuuze kwa sababu huoni kilichobadilika. Katika mkasa wa 2019 hakuna rangi wala kitufe kilichogeuka ambacho kingemwonyesha mwenye simu kwamba mlango wa nyuma ulikuwa wazi na sasa umefungwa. Aliyesasisha alikuwa salama na mwanya huo. Aliyeahirisha alibaki nao.

Kwa vijana wetu wanaosomea kazi ya kuandika programu, funzo ni refu kidogo. Wasitegemee kumbukumbu ya mtu, hata awe hodari namna gani. Wajiulize kila mara: kipande hiki ni cha nani, na msimbo huu wa usafi ukiitwa mara mbili, kutatokea nini? Ikiwa jibu la swali la pili ni "hautaitwa mara mbili," basi bado hawajajibu.

Na kwa sisi sote, ikumbukwe kwamba Aprili 2021 serikali ilizindua Ardhisasa, mfumo wa kuhifadhi rekodi za ardhi katika tarakilishi, ukaanza na kaunti ya Nairobi. Ni hatua njema. Lakini tarakilishi haina miujiza, nayo pia huweza kugawa kipande kimoja kwa watu wawili, tena kwa kasi kuliko karani yeyote. Kinachomlinda mwenye ploti Kitengela, kama kinachomlinda mwenye simu, ni sajili iliyojengwa ili isiweze kukubali jambo moja mara mbili, hata anayelileta akiwa mwaminifu na mwenye haraka.